Namba Isiyoandikwa Kwenye Pampu

Katika vituo vingi vya mafuta vya Minnesota, Iowa na Illinois, kando ya pampu za petroli ya kawaida husimama pampu nyingine, aghalabu yenye mpini wa njano, iliyoandikwa E85. Mgeni akiisoma haoni fumbo: ethanoli asilimia 85, petroli asilimia 15. Lakini kiwango kinachosimamia mafuta hayo Marekani, kinachojulikana kama ASTM D5798, kinaruhusu ethanoli iwe popote kati ya asilimia 51 na 83. Kwa hiyo hata siku mchanganyiko ukiwa mkali kuliko siku zote, hiyo 85 yenyewe haifikiwi.

Sababu ni mbili, na zote hazina hila ndani yake. Ethanoli inayotoka kiwandani kwa ajili ya magari ni pombe kali kabisa, na serikali ya Marekani hutaka itiwe petroli kidogo kabla haijatoka getini ili isinyweke, maana ingenyweka ingedaiwa ushuru wa pombe. (Anayejua historia ya gongo na chang'aa kwetu hatashangaa kwamba wakubwa wa nchi nyingine nao wana wasiwasi huo huo.) Hapo asilimia kadhaa zimeshaliwa. Sababu ya pili ni baridi. Ethanoli tupu ikiwa chini ya nyuzi joto 15 hivi haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa cheche ya plagi, na Minnesota mwezi wa Januari hali ya hewa hushuka chini ya sifuri siku baada ya siku. Basi majira ya baridi yakikaribia, wasambazaji huongeza petroli na kupunguza ethanoli ili magari yawake asubuhi. Kibandiko cha pampu hakibadiliki.

Mwenye gari lililotoka kiwandani likiwa na uwezo wa kutumia mafuta ya namna zote mbili hana haja ya kujua lolote kati ya haya. Gari lake linajua. Wapo hata wasiojua kwamba wanamiliki gari la namna hiyo: sheria ya mwaka 1988 iliwapa watengenezaji nafuu katika hesabu ya ulaji wa mafuta iwapo watauza magari yanayokubali ethanoli, wakatengeneza kwa mamilioni, na wengi wa walioyanunua hawajawahi kuyatia kitu kingine zaidi ya petroli.

Anayekosa usingizi ni mwingine. Ni yule aliyechukua Subaru, Mitsubishi au Nissan yenye tabo, iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya petroli, akang'oa noseli za kiwandani na kuweka kubwa, akabadilisha pampu ya mafuta, akamlipa fundi ampangie upya kompyuta ya injini ili ichome E85. Gari hilo halijui lolote ambalo halikuambiwa. Likiambiwa mafuta ni asilimia 83, litaamini hivyo Julai na litaamini hivyo Januari.

Kwa nini mtu ajitafutie shida hiyo? Kwa sababu ethanoli, kwa mpenda mwendo, ni mafuta ya mashindano yanayouzwa kwa bei ya barabarani. Namba yake ya okteni kwa kipimo cha RON ni kama 108, wakati petroli nzuri ya kituoni hucheza kati ya 91 na 98. Okteni ni uvumilivu: mafuta yenye okteni kubwa yanaweza kubanwa na kupashwa joto ndani ya silinda bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Juu ya hapo, ethanoli ikigeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya lile linalonyonywa na petroli ya uzito uleule, na kwa kuwa injini hunywa ethanoli nyingi zaidi, hewa inayoingia silindani hupoa sana. Hewa baridi ni hewa nzito, na hewa nzito ni nguvu.

Kampuni ya Koenigsegg ya Sweden ililionyesha hilo hadharani mwaka 2007. Gari lake la CCX, lenye injini ya V8 ya lita 4.7 na supachaja mbili, lilitoa nguvu farasi 806 kwa petroli. Toleo la CCXR, lililopangwa kwa E85 na kuongezewa msukumo wa hewa na noseli kubwa, lilitoa 1,018. Injini ni ileile kwa msingi wake. Kijana mwenye Impreza ya mwaka 2004 huko Minneapolis akisoma habari kama hiyo, halafu akaona pampu ya njano barabara ya pili kutoka nyumbani, mengine hayahitaji kuelezwa.

Gharama ya raha hiyo iko kwenye wingi wa mafuta. Petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili kilo moja iungue yote. Ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Maana yake, kwa hewa ileile iliyoingia silindani, injini inayotumia E85 lazima imwagiwe mafuta mengi zaidi, kiasi cha asilimia 30 hadi 40 juu ya petroli. Ndiyo sababu noseli za kiwandani hazitoshi na pampu ya kiwandani huishiwa pumzi. Na ndiyo sababu kiasi cha ethanoli kikibadilika kwenye tanki, kiasi cha mafuta yanayopaswa kumwagwa nacho hubadilika palepale.

Hebu tupige hesabu. Mchanganyiko wa asilimia 51 unahitaji takriban kilo 11.7 za hewa kwa kilo ya mafuta. Ule wa asilimia 83 unahitaji kama kilo 9.9. Gari likipangwa mwezi Januari kwa mafuta ya asilimia 51, kisha Julai likatiwa mafuta ya asilimia 83 bila kompyuta kupewa habari, noseli zitaendelea kumwaga kiasi cha Januari. Injini itabaki na njaa ya mafuta kwa karibu asilimia 14. Katika mwendo wa polepole sensa ya oksijeni iliyoko kwenye eksozi itaona upungufu huo na kompyuta itajaribu kuurekebisha. Lakini ukikanyaga mafuta hadi chini, tabo ikijaa upepo, kompyuta za magari mengi ya miaka hiyo huacha kuisikiliza sensa ile na kufuata jedwali lililoandikwa na fundi. Hapo ndipo eksozi hupata joto kupita kiasi, vali huungua, na kichwa cha pistoni huanza kuyeyuka pembeni, kwa kawaida upande wa vali ya kutolea moshi.

Upande wa pili wa kosa hilo ni wa hatari zaidi kwa sababu haufanani na hatari. Gari lililopangwa kiangazi kwa asilimia 83 likitiwa mafuta ya asilimia 51 litamwagiwa mafuta kupita mahitaji. Litatoa moshi, litanuka, dereva ataona linavuta vibaya kidogo na kusema afadhali hivyo kuliko njaa. Kumbe pamoja na wingi wa mafuta, fundi alikuwa ameisogeza cheche mbele na kuongeza upepo wa tabo, akitegemea uvumilivu wa ethanoli nyingi. Ethanoli hiyo haipo tena. Cheche inakuja mapema mno kwa mafuta yaliyomo, mchanganyiko ambao bado haujawaka unajilipukia kabla moto wa cheche haujaufikia, na injini inaanza kugonga. Kugonga kwa namna hiyo katika injini ya tabo hakuchukui safari ndefu kuvunja ukingo wa pistoni baina ya ringi.

Kwa hiyo mwenye gari la aina hii hana upande salama wa kukosea. Ni lazima ajue namba.

Njia ya kizamani ya kuijua inafurahisha kwa urahisi wake, na bado inatumika. Unachukua bomba jembamba la kioo lenye mistari ya vipimo. Unatia maji hadi mstari wa chini. Unaongeza mafuta hadi mstari wa juu, unaziba, unatikisa, unaweka wima na kusubiri. Maji na petroli havipatani, lakini maji na ethanoli vinapatana sana. Ethanoli huiacha petroli na kuhamia kwenye maji. Baada ya dakika chache mpaka kati ya tabaka mbili unakuwa umepanda, na kupanda kwake ndiko kiasi cha ethanoli. Kama mpaka haukupanda, hamna ethanoli. Kipimo hiki si cha maabara, maana maji na ethanoli vikichanganyika hujibana kidogo, lakini makosa ya asilimia mbili tatu fundi anaishi nayo.

Ubaya wake ni kwamba kinapima mafuta yaliyokuwa kwenye bomba la kioo. Injini haichomi hayo. Inachoma yaliyo kwenye tanki, yaani mapya yaliyochanganyika na mabaki ya wiki iliyopita. Chukua tanki la lita 50 lililobakiwa na lita 20 za petroli ya kawaida ya Marekani, ambayo nayo ina ethanoli asilimia 10. Ongeza lita 30 za E85. Kama pampu ilitoa asilimia 83, tanki lote sasa lina kama asilimia 54. Kama ilitoa 70, lina 46. Kama ilitoa 51, lina chini ya 35. Dereva yuleyule, kituo kilekile, lita zilezile, na tofauti ni karibu pointi ishirini. Ukizikisia kichwani huku foleni ya pampu ikikupigia honi, hongera.

Ndipo inapoingia sensa ya ethanoli. Iliyoenea kuliko zote ni ile iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya General Motors na kutengenezwa na Continental, kijisanduku kinachotosha kiganjani, chenye mdomo wa kuingizia mafuta, mdomo wa kutolea na waya tatu: wa umeme wa volti 12, wa hasi, na wa taarifa. Ndani yake mafuta hupita katikati ya bamba mbili za umeme. Kinachopimwa ni jinsi kimiminika kinavyohifadhi chaji kati ya bamba hizo. Petroli huhifadhi kidogo sana, kipimo chake ni kama 2. Ethanoli ni kama 24. Pengo hilo ni pana kiasi kwamba hata mabadiliko ya asilimia moja yanaonekana.

Lugha inayotumiwa na sensa hiyo kuzungumza na kompyuta ni nyepesi mno, na pengine ndiyo sababu imependwa na mafundi wa mitaani. Hutuma mapigo ya umeme. Mapigo 50 kwa sekunde ni petroli tupu. 150 ni ethanoli tupu. Toa 50 kwenye mapigo unayoyahesabu, jibu ni asilimia ya ethanoli. Mapigo 104 ni asilimia 54. Urefu wa kila pigo nao hausafiri bure, kwani unaeleza joto la mafuta, na fundi makini hulitumia kwa sababu mafuta ya moto hupungua uzito na noseli hupima kwa ujazo. Mapigo yakipanda hadi 180 na kuendelea, sensa haisemi tena habari ya ethanoli. Inasema kuna kitu kingine humo, na kwa kawaida kitu hicho ni maji, ambayo kipimo chake cha kuhifadhi chaji ni kama 80.

Watu wengi wakishaifunga huiunganisha na geji ndogo kwenye dashibodi, namba inang'aa usiku, picha inapigwa. Naona hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu isiyo na faida kubwa. Geji inamwambia dereva; anayehitaji kuambiwa ni kompyuta ya injini. Dereva akiona asilimia 46 badala ya 70 atafanya nini katikati ya barabara? Sensa ikiingia kwenye kompyuta inayoweza kuisoma, fundi huandika majedwali mawili, moja la petroli na moja la ethanoli nyingi, na kompyuta hutembea katikati yake kulingana na namba inayopokea: kiasi cha mafuta, muda wa cheche, upepo wa tabo, na kiasi cha ziada cha kuwashia injini ya baridi. Tanki likiwa na 54, gari linakuwa gari la 54. Nguvu zikipungua kwa sababu pampu ya leo ilikuwa dhaifu, zinapungua kwa utaratibu, bila injini kulipa.

Mahali pa kuifunga panazua ubishi gerejini, na ubishi huo una maana. Gari lenye bomba la kurudisha mafuta tankini ni rahisi: weka sensa kwenye bomba la kurudi, ambako mafuta yanapita muda wote na hata mdomo wa sensa ukiwa mwembamba hauzuii yanayokwenda kwenye injini. Gari lisilo na bomba la kurudi linakulazimu kuiweka kwenye njia ya kwenda, na hapo upana wa midomo unakuwa jambo la kufa na kupona kwa injini inayonyonya mafuta mengi. Kosa baya kuliko yote ni kuifunga kwenye kona ya bomba ambako mafuta hayapiti, yamesimama tu. Itasoma vizuri kabisa, namba safi isiyotetereka, ya mafuta ya mwezi jana.

Kuna pia suala la kuchelewa. Umetoka kwenye pampu, tanki lina mafuta mapya, lakini bomba lote hadi kwenye noseli bado limejaa ya zamani. Injini ikinguruma tu bila kwenda hutumia chini ya lita moja kwa saa au karibu na hapo, hivyo katika gari lisilo na bomba la kurudi mafuta mapya yanaweza kuchukua dakika nyingi kufika. Sensa ikiwa karibu na tanki itaona mabadiliko kabla noseli hazijayaona. Ikiwa karibu na injini itayaona kwa wakati wake. Wenye uzoefu hawakanyagi mafuta hadi chini mara tu wanapotoka kituoni. Wanaendesha kistaarabu hadi namba itulie.

Na waya ukikatika? Swali hili huachwa hadi litokee. Sensa iliyokatika haitumi mapigo, na kompyuta isiyofundishwa inaweza kuchukua ukimya huo kuwa petroli tupu, ikapunguza mafuta kwa theluthi wakati tanki limejaa ethanoli. Fundi anayejua kazi huiambia kompyuta kwamba mapigo yakipotea ishike namba ya mwisho iliyokuwa na uhakika nayo kwa upande wa mafuta, irudishe cheche nyuma kama vile ni petroli, na ikate upepo wa tabo hadi wa chini kabisa. Gari litatembea kama trekta hadi nyumbani, lakini litafika. Ukiwa unamlipa mtu akupangie kompyuta, muulize swali hilo moja kabla ya kuuliza nguvu farasi. Akikwepa kulijibu, tafuta mwingine.

Wabrazili, waliokaa na ethanoli sana kuliko taifa lolote, walichukua njia nyingine kabisa. Mpango wao wa Proálcool ulianza Novemba 1975, baada ya bei ya mafuta kupaa mwaka 1973, na mwaka 1979 Fiat 147 ikawa gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya ethanoli pekee, ya miwa. Magari yale yalikuwa na kitanki kidogo cha petroli ndani ya boneti kwa ajili ya kuwashia injini asubuhi za baridi za kusini, na kila Mbrazili wa umri fulani anakumbuka kusahau kukijaza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wenye viwanda waliona sukari inalipa kuliko pombe, ethanoli ikaadimika vituoni, na waliokuwa na magari ya pombe pekee wakabaki wameshika funguo. Imani ilivunjika. Iliporudi, mwaka 2003, ilirudi na Volkswagen Gol ya Total Flex, gari lililokubali petroli, ethanoli, au chochote cha katikati, ili mwenye gari asifungwe tena na bei ya kitu kimoja.

Gol ile haikuwa na sensa ya ethanoli. Wahandisi wa Brazil waliiacha ili kupunguza gharama, wakaandika programu inayokisia. Kompyuta hutazama sensa ya oksijeni kwenye eksozi: kama moshi unaonyesha njaa ya mafuta baada ya kujaza tanki, huenda ethanoli imeongezeka, kama unaonyesha shibe, huenda imepungua. Ni sawa na mpishi anayepima chumvi ya mchuzi kwa kutazama nyuso za wageni. Kwa gari la kawaida linalokwenda sokoni na kurudi, kukisia huko kunatosha, na mamilioni ya magari yanaishi hivyo. Kwa gari lenye tabo lililosukumwa hadi ukingoni mwa uwezo wake hakutoshi, kwa sababu sura ya mgeni inaweza kukunjamana kwa jambo lisilohusiana na chumvi. Tundu dogo kwenye bomba la hewa, au sensa ya hewa iliyochakaa, itaifanya kompyuta iamini kwamba tanki limejaa ethanoli ambayo haimo. Wamarekani nao wamelionja hilo kwenye baadhi ya magari yao yaliyoacha sensa na kutumia programu.

Sensa ya kweli nayo ina upofu wake. Haipimi okteni, inapima ethanoli, na okteni ya petroli iliyochanganywa nayo inabaki kuwa kitu cha kuamini tu. Maji kidogo yanaweza kuifanya isome ethanoli nyingi kuliko iliyopo, na ethanoli hupenda maji. Gari lililoegeshwa muda mrefu na tanki nusu hukusanya unyevu wa hewa. Katika mchanganyiko wenye ethanoli kidogo, kama asilimia 10, maji yakizidi kiasi kidogo tu, ethanoli huungana nayo na kuzama pamoja hadi chini ya tanki, palepale pampu inaponyonyea. Geji itaruka ghafla, na safari hiyo inastahili kusimama.

Yote haya yanaweza kuonekana ni mambo ya Minnesota, ya watu wanaotengeneza mafuta ya gari kutokana na mahindi. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani huenda kwenye viwanda vya ethanoli, na sitaficha kwamba kwa mtu aliyelelewa kwa ugali takwimu hiyo haimezeki kirahisi. Lakini jambo lenyewe limewahi kufika kwetu na limo njiani kurudi. Kenya ilichanganya ethanoli ya Muhoroni, iliyotokana na molasi ya miwa, kwenye petroli katika miaka ya 1980. Malawi ilianza mwaka 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa na haijaacha. Uganda ilipitisha sheria yake ya nishati ya mimea mwaka 2020. Dereva wa Mbeya anayevuka Kasumulu na kujaza tanki Karonga anaweza kurudi nyumbani na ethanoli kwenye tanki bila kujua, na kama gari lake ni la kawaida halitamdhuru. Kama ni Subaru iliyopangwa na fundi kwa kubana mafuta hadi mwisho, habari ni nyingine: asilimia 10 au 20 ambazo hazikuwamo wakati wa kupanga ni njaa ambayo jedwali haliijui.

Ila mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayefikiria kuagiza sensa hii ili alinde injini yake dhidi ya mafuta mabaya, ajue itamsaidia wapi na itamwacha wapi. Uovu wa mafuta tulioujua sisi si wa ethanoli. Ni wa mafuta ya taa yanayochanganywa kwenye petroli. Tanzania ilianza kutia vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010, chini ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu kuchakachua kulikuwa kumekuwa biashara. Kenya ilitumia dawa hiyohiyo ya kodi mwaka 2018. Mafuta ya taa, ukiyapitisha katikati ya bamba mbili za sensa, huhifadhi chaji karibu sawasawa na petroli, kipimo kama 2. Lita kumi za mafuta ya taa ndani ya tanki la petroli, na geji itaandika sifuri kwa utulivu mkubwa, huku okteni ikiwa imeporomoka na injini inagonga.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza kitu, bomba la kioo na maji kidogo litamjibu mtu wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, swali la kama kuna ethanoli. Kwa swali la mafuta ya taa, kinachosaidia ni sensa ya kugonga inayofanya kazi, jedwali la cheche lisilobanwa hadi mwisho, na risiti ya kituo unachokiamini. Na gari likishafika mahali linapojazwa ethanoli kwa makusudi, iwe Lilongwe au Minneapolis, hapo ndipo kijisanduku cha waya tatu kinanunuliwa, kabla ya noseli na kabla ya tabo kubwa.